Namba za Kuingilia Pasipo na Mtandao

Swali: Ndugu Mhariri, ninauza vitenge hapa Arua, na nikienda minada ya vijijini ujumbe wenye namba ya kufungulia barua pepe haunifikii. Je, programu ya simu inayotoa namba hizo itanifaa?

Jibu: Itakufaa, tena kuliko ujumbe mfupi, ambao tapeli huweza kuupokea akifanikiwa kuhamishia namba yako ya simu kwenye laini yake. Programu hiyo hukokotoa tarakimu 6, kwa kawaida kila sekunde 30, kwa kutumia siri iliyohifadhiwa simuni siku ya kuiunganisha na barua pepe yako, pamoja na saa ya simu. Kwa hiyo haihitaji mtandao, ila saa ikikosea namba hukataliwa. Namba za akiba, yaani zile unazopewa za kuingilia simu ikipotea, ziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, si kwenye simu hiyo hiyo.