Pawa Saplai Ikilipuka, Usikubali Kuambiwa Kila Kitu Kimeungua

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji aliyejijengea kompyuta yake mwenyewe: "Kaka, pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) imelipuka. Nimefunga mpya, nikibonyeza swichi feni zinageuka kidogo halafu kimya. Fundi anasema mazabodi (ile bodi kuu) imekwenda, prosesa nayo imekwenda, bora ninunue vyote. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usinunue kitu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na mashine waliyoizika ikiwa hai ndiyo ninayotumia kuandika makala haya.

Kompyuta yangu niliijenga kipande kwa kipande, kila nikipata uwezo naongeza kitu. Nadhani wengi mnaosoma hapa mnaijua raha hiyo: kuifahamu mashine yako hadi skrubu ya mwisho. Siku hiyo ilikuwa katikati ya kazi nzito ya video. Ikatoa mlio mmoja mkali, ikazima, na harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima. Nikasogeza pua nyuma ya kasha. Harufu ilitoka kwenye matundu ya pawa saplai, wala sikuhitaji kipimo kujua nani amekufa.

Nikanunua nyingine, nikaifunga, nikabonyeza. Feni zikashtuka, robo mzunguko, zikasimama. Nikaibeba kwa fundi anayesifiwa sana. Hakufungua kasha. Hakugusa multimita, kile kipimo cha umeme, iliyokuwa mezani kwake. Alibonyeza swichi mara moja, akatikisa kichwa: "Mzigo wote umekwenda hapa, kaka. Anza upya." Halafu akanionyesha bodi aliyokuwa nayo dukani. Jambo hilo bado linanichoma. Kukosea kila mtu hukosea, na sina ugomvi na hilo. Kinachoniuma ni kwamba alihukumu bila kupima.

Maana zile feni zilizoshtuka zilikuwa zinasema kitu. Pawa saplai nzuri ikihisi shoti upande wa pili, inajizima papo hapo. Hiyo ni kazi yake. Kwa hiyo feni kushtuka na kusimama mara nyingi maana yake ni kwamba mahali fulani ndani ya kasha umeme unapita njia isiyo yake, na saplai imegoma kuulisha huo mkondo. Hali hii ni tofauti kabisa na ukimya wa moja kwa moja, ambapo unaanza kushuku swichi, soketi ya ukutani au ile volti 5 ya kusubiri inayotakiwa kuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Na ni tofauti tena na feni zinazozunguka vizuri huku skrini ikiwa nyeusi. Hapo unatazama RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda), kadi ya grafiki inayotoa picha, na prosesa. Dalili tatu, njia tatu. Mtu akikupa jibu moja kwa zote tatu, beba mashine yako uondoke.

Nilifika nyumbani na hasira, nikaanza na saplai mpya yenyewe, kwa sababu upya wa kifaa si ushahidi. Nikaichomoa kwenye kila kitu. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 kuna waya wa kijani. Ukiugusisha na mweusi wowote kwa kipande cha waya, saplai inadhani imeamrishwa kuwaka. Siku hizi saplai nyingi nyaya zake zote ni nyeusi, hivyo shika plagi matundu yakikutazama na klipu yake ikiwa juu, hesabu kutoka kushoto kwenye mstari wa juu, ule wa upande wa klipu: tundu la nne na la tano. Unaziunganisha saplai ikiwa imezimwa, ndipo unawasha. Usiridhike kwa kutazama feni, kwani kuna saplai ambazo feni yake haizunguki kabisa mpaka mzigo uongezeke. Pima. Volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Yangu ilikuwa ndani ya mipaka yote. Jaribio hili halikuambii saplai itavumilia mzigo mzito, lakini linakuambia haijafa.

Ile ya zamani, tafadhali, usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300 na inaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomolewa ukutani. Udadisi una mahali pake, na mahali pake si humo.

Kisha nikafanya jambo ambalo fundi yule hakutaka hata kulifikiria: nikatoa mazabodi yote nje ya kasha na kuilaza juu ya boksi lake la karatasi. Juu yake nikaacha prosesa na kipoza chake, kijiti kimoja cha RAM, plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 ya prosesa. Basi. Hakuna diski, hakuna kadi, hakuna waya wa kasha. Nikagusisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi.

Feni ya prosesa ikazunguka na haikusimama.

Bodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia mfumo); kila kimoja huwaka kifaa chake kinapokaguliwa, na hubaki kinawaka kifaa hicho kikikwama. Nikavitazama. Cha CPU kikawaka, kikazima. Cha DRAM kikawaka, kikachelewa, kikazima. Cha VGA kikabaki kinawaka, na ndivyo ilivyopaswa, maana prosesa yangu haina grafiki za ndani na kadi nilikuwa nimeichomoa. Yaani bodi hai, prosesa hai, RAM hai. Vitu vyote vitatu nilivyoambiwa nikavitupe! Siwezi kuficha kwamba nilisimama pale nikajisikia mkubwa.

Mengine yalikwenda haraka. Kadi ya grafiki, picha ikaja. SSD, diski yangu yenye mfumo, mfumo ukafunguka. Kijiti cha pili cha RAM, sawa. Nikafika kwenye hadidiski ya zamani ninayohifadhia kazi na picha, nikachomeka waya wake wa umeme, nikawasha: feni zikashtuka, zikasimama. Nikaichomoa, lakini mashine ikaendelea kugoma hadi nilipozima swichi ya nyuma ya saplai na kusubiri taa ya bodi ife. Hili nalisisitiza, kwa sababu saplai nyingi zikishajizima kwa ulinzi hazirudi mpaka zinyimwe umeme kabisa. Ukiruka hatua hiyo, utamshuku asiye na hatia.

Multimita ikamaliza ubishi. Kwenye hadidiski, kati ya njia ya volti 12 na ya ardhi, hapakuwa na ukinzani wa maana. Ilipiga kelele ya shoti moja kwa moja. Kwenye bodi ndogo ya diski kama hizo huwa kuna diodi za ulinzi, moja kwa volti 5 na moja kwa volti 12. Saplai inapokufa vibaya na kurusha volti kupita kiasi, diodi hujitoa mhanga: inapiga shoti ili mkondo usifike kwenye vipande vya ndani. Yangu ilikufa ikinilindia picha. Rafiki mwenye mkono mzuri wa kulehemu aliiondoa, diski ikazunguka, nikahamisha kila kitu usiku uleule. Baada ya hapo diski hiyo sikuipa kazi tena, kwa sababu haina kinga.

Sasa sikilizeni, wajenzi wenzangu. Toeni kila kitu, rudisheni kimoja kimoja. Pimeni kabla ya kusema, na mtu asiyepima msimpe kauli ya mwisho juu ya jasho lenu. Na tuache tabia ya kununua prosesa ya kifahari kisha saplai tukachukua yoyote iliyobaki rafuni. Hata alama ya 80 Plus isiwalevye. Inaeleza ni kiasi gani cha umeme hakipotei kama joto; haisemi lolote kuhusu jinsi saplai itakavyokufa. Someni orodha ya kinga zake: dhidi ya volti kuzidi, mkondo kuzidi, na shoti.

Kama saplai zako mbili ni za nyaya za kuchomoa, nyaya za ile ya zamani zitoe zote, hata kama plagi zinaingia sawasawa. Upande unaoingia kwenye saplai hauna kiwango kimoja. Kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na kuna watu waliopeleka volti 12 mahali pa volti 5 wakaua hapohapo diski zilizokuwa nzima.

Mashine ikishawaka usiiamini bado. Nakili data kwanza, kisha acha MemTest86+, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, acha kijiti kimoja, rudia, badilisha kijiti, badilisha na tundu, mpaka ujue ni kipi kati yao kinachodanganya.