Kurasa 212 ambazo hakuna aliyezisoma

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba kitabu cha mwongozo wa ulimwengu wake wa mchezo wa kuigiza wahusika mezani (mwendeshaji mmoja anasimulia, wachezaji wanaamua wahusika wao wafanye nini) kimefika kurasa 140, na bado hajamaliza enzi ya wafalme wa kwanza. Akauliza aongeze nini kabla ya kuwaita wachezaji mezani. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Changu kilikuwa na kurasa 212. Nasaba za koo saba, kalenda yenye miezi 13, asili ya kodi ya chumvi, sarufi ya lugha ya majoka. Nilikichapisha, nikakifunga vizuri, nikakiweka katikati ya meza siku ya kikao cha kwanza. Mchezaji mmoja akakitupia jicho, akasema "kazi kubwa hii", akaweka kikombe chake juu ya jalada.

Wahusika wao wakashuka bandarini. Yule wa kikombe akauliza, "Huyu mvuvi hapa anaitwa nani, na mbona amenuna?"

Nikafunua kurasa. Babu wa mfalme wa mvuvi nilimjua hadi ugonjwa uliomuua. Mvuvi mwenyewe sikumjua. Wanne wananitazama, mimi natoka jasho. Mwishowe nikaropoka: "Kombo. Kila akivuta nyavu, zinakuja na nywele za binadamu."

Basi. Vikao vitano vizima walifuata zile nywele. Koo saba hazikuguswa, chumvi haikuguswa. Usiku wa mwisho, wakati tunakusanya dadu, rafiki yangu akaniambia kwa nia njema kabisa: "Kilichonoga ni kile ulichobuni palepale." Najua alikuwa ananisifu. Bado linanichoma.

Miezi iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Nilinuna kuliko Kombo.

Nilipotulia nikaanza kuchunguza waliotutangulia walifanyaje. Dungeons & Dragons, mchezo mashuhuri wa aina hii, ilitoka mwaka 1974, na ulimwengu wa Greyhawk, ambao Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huo, alikuwa akiuchezesha tangu mwanzoni, ulipopata kitabu chake cha mwongozo mwaka 1980 kilikuwa kijitabu cha kurasa 32 pamoja na ramani. Mwaka 2002 Wizards of the Coast, kampuni iliyokuwa ikiuchapisha mchezo huo, walitangaza shindano la kutafuta ulimwengu mpya, wakapokea mapendekezo zaidi ya 11,000. Hatua ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja tu. Ukurasa mmoja! Wa Keith Baker ndio uliopenya, ukaja kuwa Eberron mwaka 2004. Mimi katika ukurasa mmoja nilikuwa sijamaliza hata kueleza mwezi wa tatu.

Kitabu changu cha pili kina kurasa 24. Kila mahali pana mtu anayetaka kitu, kinachomzuia, na litakalotokea wachezaji wakipita bila kujali. Mwezi jana mwendeshaji nisiyemfahamu aliniambia amekichezesha vikao tisa, na wachezaji wake wanamchukia mlinzi wa daraja niliyemwandika kwa mistari mitatu. Sitajifanya mnyenyekevu: niliusoma ujumbe ule mara nne.

Kwa hiyo ndugu yangu, andika shida. Historia iwekwe pale tu inapomsumbua mtu aliye hai leo. Ukiandika kwamba vita viliisha miaka 300 iliyopita, niambie nani bado anadai fidia. Huna mdai, futa vita.

Na yale majedwali ya kukutana na viumbe njiani, ambayo mwendeshaji hurusha dadu kuona wachezaji wamekutana na nini, mwenye masikio na asikie. "Mbwa mwitu watatu" si tukio, ni hesabu. "Mbwa mwitu wawili wanamburuta mjumbe ambaye bado anapumua" ni tukio. Halafu tumieni dadu mbili za pande 6 na kujumlisha. Saba hutoka kwa njia 6 kati ya 36, ilhali 2 na 12 hutoka kwa njia moja moja. Mambo ya kila siku yakae kwenye 7, joka likae kwenye 12, na nchi nzima itajieleza yenyewe bila insha. Nasema tena: shida. Watu wanasoma ushauri huu, wanakubali kwa kichwa, kisha wanarudi kuchora nasaba.

Yule msomaji nilimwomba anitumie ukurasa wa kijiji kimoja tu. Akautuma. Aya tatu zilieleza jina la kijiji lilivyobadilika zama hadi zama. Mstari wa mwisho kabisa, kama kitu kilichomponyoka, unasema wanakijiji hawachoti maji kisimani jua likishazama.

Nimemuuliza kwa nini. Nangoja jibu, na tayari nina hamu ya kucheza.