Kebo au dishi? Mimi nilishahama

Juzi dada mmoja wa hapa Mwanza ameniandikia: "Kaka, kebo ya televisheni inanichosha. Nihamie dishi au nivumilie?" Swali hilo nililibeba miaka saba bila kulijibu, na kuchelewa kwangu kulinigharimu siku ambayo hairudi.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, Simba na Yanga. Baba alitoka Sengerema, akavuka na kivuko cha Kamanga ili tu atazame mechi kwangu. Nilimwandalia kiti cha mbele kabisa. Dakika chache kabla ya mpira kuanza, kioo kikawa cha bluu. Nikapiga simu ofisini kwa watu wa kebo: "Fundi yuko njiani, bosi." Mtaa wa chini walikuwa wanachimba mtaro wa maji, sururu ikapita na waya. Fundi alikuja Jumatano.

Kibanda umiza baba hakutaka, magoti yanamsumbua. Tukawasha redio. Yanga wakashinda 5-1, na kila bao tulilisikia mara mbili: kwanza kelele za majirani, halafu mtangazaji. Hakunilaumu. Alisema tu, "Si neno, mwanangu." Neno hilo bado linaniuma.

Ndugu yangu, anza na anga la kwako. Setilaiti ya king'amuzi changu iko juu ya ikweta, nyuzi 7 mashariki, kama kilomita 36,000 kwenda juu. Sisi Mwanza tuko karibu nyuzi 33, kwa hiyo dishi linatazama magharibi, jua linapozama. Kwangu upande huo kulikuwa na mwembe wa jirani. Nilikwenda kwa mama mwenye mti kwa heshima zote, akaniruhusu tawi moja. Bila tawi lile kung'oka, pesa yangu ingekwenda bure.

Siku ya kufunga, fundi alikuwa juu ya bati, mimi sebuleni nikisoma asilimia ya nguvu ya mawimbi kwenye kioo na kupaza sauti: "Arobaini! Sitini! Umepitiliza, rudisha kidogo!" Anasogeza dishi kwa upana wa ukucha, namba inaruka. Ilipofika themanini na tano nikasema kaza nati hapo hapo. Msimruhusu fundi ashuke kabla hamjaiona namba kwa macho yenu.

Kebo ina haki yake. Waya mmoja unagawanywa vyumba vitatu, wakati dishi linadai king'amuzi kwa kila televisheni. Mpangaji naye azungumze na mwenye nyumba kabla hajatoboa ukuta. Lakini kebo inategemea nguzo na umeme wa mitaa ya watu wengine: wakikatiwa kule, nawe gizani, hata kama kwako taa zinawaka. Acheni kuzoea kubembeleza huduma mnayoilipia! Mtu anayelipa kila mwezi asikubali kuambiwa "fundi yuko njiani" siku tatu.

Dada, usikate kebo siku hiyo hiyo unayofunga dishi. Mvua nzito hunyonya mawimbi kabla hayajafika, na lazima ujue lako linastahimili kiasi gani. Mimi nililipia kebo mwezi mmoja zaidi, nikingoja mvua kubwa ya Desemba. Ilipokuja, picha iliganda dakika kumi hivi, ikarudi yenyewe. Kesho yake nikaenda kufunga hesabu, kisha nikampigia baba.