Si kijani, si manjano: tuiite rangi gani?

SWALI: Nimekulia Mombasa, sasa naishi Toronto. Kila ukifika mwisho wa Aprili, masika ya huku, miti ya mtaani kwetu hushika rangi moja kali ajabu, si kijani wala si manjano. Binti yangu aliandika "miti mikijani". Nikamsahihisha: "miti ya kijani na manjano". Bibi yake, kwenye simu, akatucheka wote na kusema hiyo ni chanikiwiti. Nani amepata?

JIBU: Dada yangu, nianze na bibi, maana ndiye aliyetoa neno tamu kuliko nyote. Chanikiwiti ni neno la pwani na kamusi zinalo. Lakini lipasue uone lilivyoundwa: chani kiwiti. Katika lahaja za kaskazini, kule Lamu, chani ndiyo kijani chetu, na kiwiti ndiyo kibichi. Ni ile ch inayogeuka t, kama nchi inavyotamkwa nti hata hapo Mombasa ulikokulia. Kwa hiyo chanikiwiti na kijani kibichi ni kauli ileile moja, imetamkwa na watu wa miji miwili. Bibi hakukosea. Ila neno lake linataja majani mabichi kwa jumla. Ule umanjano uliokushtua wewe halijautaja.

Na kijani kibichi chenyewe kimechakaa. Tulipokuwa shule tulikariri "kijani kibichi" kwa kila kitu, kuanzia jani la mwembe, ambalo likikomaa hukaribia weusi, hadi bendera. Sifa ya ubichi ikabaki mkia tu wa jina. Ukimwambia mtu leo "kijani kibichi", hawezi kujua kama unasema rangi iliyokolea au iliyopauka.

Pendekezo lako la "kijani na manjano" ndilo nisiloweza kulitetea. Kiswahili kikiunganisha rangi kwa "na", msikilizaji huziona mbili zimekaa kando kwa kando. Jezi za Yanga ni kijani na njano, na hakuna shabiki aliyewahi kudhani zimechanganywa ndani ya ndoo moja. Kwa rangi moja inayoegemea nyingine tumia kitenzi: kijani kinachoelekea manjano. Ni maneno matatu, lakini yanaeleweka Lamu na yanaeleweka Kigoma.

Kuna wanaosema "rangi ya ndimu". Mimi naiogopa. Ndimu huanza kijani na ikiiva sana huwa ya manjano. Tena kwa Wakenya wengi ndimu hubeba na maana ya lile tunda ambalo Mtanzania angeliita limau. Rangi inayotegemea umenunua soko gani haitufai.

Ungeniuliza mimi ningesema kijani kichanga. Sijalitoa kwenye kamusi. Nimelifuata lile umbo la kijani kibichi, sifa ikipatana na kijani, ki kwa ki. Jani changa la mgomba, lile linaloanza kujikunjua katikati ya wenzake, lina rangi hiyohiyo unayoieleza, na kila aliyewahi kuona mgomba atakuelewa bila kuonyeshwa picha. Ukiwa unaandika barua au hadithi, na una nafasi, andika hivyo kwa urefu: rangi ya jani changa la mgomba. Lugha yetu imepata rangi zake nyingi kwa njia hii ya kuazima jina la kitu: kahawia kutoka kahawa, zambarau kutoka tunda, kijivu kutoka jivu. Hatuhitaji kuona haya kuongeza moja.

Sasa binti. "Miti mikijani" haikubaliki, ingawa mantiki yake naielewa: amesikia miti mieupe, miti mieusi, miti mirefu, akaendelea. Rangi zenye mashina yanayopokea viambishi ni tatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Zilizobaki ni majina ya vitu, nazo hudai kiunganishi: miti ya kijani, viatu vya kahawia, magari ya manjano. Utasikia pia "taa kijani" na "kadi njano", hasa kwa watangazaji wa mpira. Mdomoni sigombani nayo, lakini kwenye daftari la mtoto aandike "ya".

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Kama miti hiyo ni ile iliyoletwa kutoka Ulaya ikapandwa kwa wingi mitaani Toronto, jamaa wa mti wenye jani la bendera ya Kanada, basi unachokiona mwisho wa Aprili kwa sehemu kubwa ni maua. Hutoka kwa vishada majani yakiwa bado yanafunguka, na ukiwa mbali huwezi kuyatofautisha. Kwa hiyo binti anaweza kuandika "maua ya kijani kichanga" bila wasiwasi. Na kwamba rangi hiyo inakuvuta macho si ajabu: mwangani, jicho la binadamu huwa jepesi zaidi kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 555, ambao ni hapohapo kati ya kijani na manjano. Ndiyo maana fulana za usalama za waendesha bodaboda hupakwa rangi ya jirani hiyo.

Halafu "masika ya huku". Masika ni mvua za Machi hadi Mei za Afrika Mashariki. Kumwambia mtu wa Mombasa kwamba Toronto iko masika ni kumfanya atafute mwavuli. Kwa nchi za baridi sema majira ya kuchipua. Vilevile usiite vuli wakati majani yanapodondoka, hata kama wafasiri wengi wameshazoea. Vuli nazo ni mvua, zile za mwisho wa mwaka. Sema majira ya majani kupukutika.