Historia ya Kiwanja cha Zamani cha Mabembea: Anza na Wazee, Chuma Kisubiri

Kikundi kikikaa kupanga namna ya kuokoa historia ya kiwanja cha zamani cha kuchezea watoto hapa Mwanza, kitu cha kwanza kutajwa huwa ni rangi. Debe la nyekundu, debe la njano, msasa, na vijana wa kuparua bembea Jumamosi. Nia ni njema, ila kazi imeanzia mwisho. Chuma kilichokaa na kutu miaka arobaini kitavumilia mwaka mmoja zaidi. Mzee aliyekuwa akishika breki ya gurudumu kubwa la kuzungusha watoto, hatuna uhakika kama atakuwepo.

Fuata utaratibu wa kinachopotea upesi: sauti za wazee, kisha negativu za filamu na kanda, kisha picha za karatasi, kisha tiketi na madaftari, na mashine mwisho. Gurudumu kubwa la kwanza, lile la George Ferris la Chicago mwaka 1893, lilikuwa na kimo cha karibu mita 80 na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60. Lilibomolewa mwaka 1906 likauzwa kama chuma chakavu, na bado linajulikana kwa undani kwa sababu michoro, picha na maandishi yake vilibaki. Kwetu mara nyingi hali ni kinyume: chuma kipo, kimeegemea ukuta, na hakuna anayejua nani alikileta, kiliendeshwaje, wala kiliacha kuzunguka mwaka gani.

Wazee

Watafute kwanza waliofanya kazi pale, kabla ya waliokuja kucheza. Aliyecheza anakumbuka furaha. Mkata tiketi anakumbuka bei, foleni ya Idi na siku mota ilipogoma. Muulizie fundi, mlinzi, mama aliyeuza karanga getini, na mpiga picha aliyezunguka na kamera siku za sikukuu. Huyo wa mwisho ni wa thamani kubwa, maana huenda negativu bado ziko chini ya kitanda chake.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza ni ya salamu na mazungumzo bila picha yoyote mkononi, kwa sababu picha humfunga mtu kwenye kile anachokiona. Mara ya pili peleka picha, zilizochapwa kubwa kwa ajili ya macho ya uzee, na umwache azishike mwenyewe. Kama mzee ni Msukuma, anza na "mwangaluka" na umruhusu aendelee kwa Kisukuma. Mtu akisimulia kwa lugha aliyofanyia kazi, majina ya vifaa na ya wenzake hutoka yenyewe. Tafsiri utaifanya baadaye ukisikiliza sauti.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iweke kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, na uchague WAV (sauti isiyobanwa) kama programu inaruhusu. Zima feni. Chini ya bati, usipange mazungumzo saa za mvua, hutasikia kitu. Anza kwa kutamka tarehe, mahali, majina ya waliopo, na ruhusa ya mzee kwa sauti yake. Ruhusa ziwe tatu, kila moja peke yake: kuhifadhi, kuonyesha hadharani, na kutaja jina. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili ni suala la kisheria pia, lakini hata bila sheria ni heshima ya kawaida.

Usimuulize "zamani kulikuwaje?" Utajibiwa "kulikuwa kuzuri". Uliza: mlango wa kuingilia ulitazama wapi? Tiketi ilikuwa na rangi gani, na ilichanwa au ilitobolewa? Nani alishika breki? Umeme ukikatika watoto wakiwa juu, mlifanya nini? Swali hilo la mwisho hufungua mengi. Saa moja inatosha kwa siku, na ujue kwamba kuandika saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita. Ajali zikitajwa, ziandike kama zilivyo, ila majina ya walioumia yasitoke hadharani mpaka familia zikubali.

Picha na karatasi

Adui mkuu huku kando ya Ziwa Victoria ni unyevu. Uso wa picha ni tabaka la gelatini, na gelatini ikipata unyevu hulainika na kunata. Ndiyo maana picha nyingi za ukutani zimegandana na kioo cha fremu. Usizibandue, utaacha nusu ya sura kwenye kioo. Toa ubao wa nyuma, laza kioo na picha yake juu ya skana, na uskani hivyo hivyo.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu ni mtego mwingine. Gundi hugeuka njano na kung'ang'ania. Chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa, uupitishe nyuma ya picha kuanzia kona, ukiuvuta huku na huku polepole bila kuikunja picha. Ikikataa, acha na uskani ukurasa mzima. Kisu hapana, mvuke hapana.

Negativu zinazonuka siki zimeanza kuharibika, na hewa yake huharibu zilizo jirani. Zitenge siku hiyo hiyo na uziskani kabla ya zote. Picha zilizolowa kwa bati kuvuja zina takriban saa 48 kabla ukungu haujaingia. Kosa la kawaida ni kuziacha zikauke zikiwa zimebebana. Zikikauka hivyo hazitaachana tena. Zitie kwenye beseni la maji safi ya baridi, zitenganishe taratibu, kisha zilaze juu ya kitambaa kivulini, uso ukitazama juu. Kama huna nafasi siku hiyo, zifunge kwenye mfuko na uziweke kwenye friza.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, zile ndogo za sentimita 6 kwa 6 kwa dpi 1200, na negativu za milimita 35 kwa dpi 2400 au zaidi. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Picha moja ya 10 kwa 15 yenye rangi itakuwa na ukubwa wa karibu MB 25, kwa hiyo picha elfu moja ni kama GB 25. Huna skana? Piga kwa simu karibu na dirisha lenye kivuli, bila flashi, simu ikiwa sambamba kabisa na picha na kona zote nne zikionekana. Skani na upande wa nyuma pia. Mhuri wa studio au neno moja la kalamu ya mama linaweza kuwa ushahidi pekee ulio nao.

Jina la faili lianze na mwaka, kisha mahali, mtoaji na namba, bila nafasi: 1968_kiwanja_mtoaji04_012. Mwaka usipojulikana, andika 196x. Maelezo yaingie kwenye kaunta buku na kwenye kompyuta, siku ile ile mwenye picha anapozungumza. Nyuma ya picha yenyewe tumia penseli laini ya 2B tu. Wino wa bairo hupenya mpaka usoni. Baadaye, sanduku la picha likae angalau sentimita 15 juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa na maji, mbali na ukuta wa nje, na lisiwe juu ya dari ambako bati huchoma. Kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila wanga ni kifungio kizuri na si ghali.

Na usiishie Mwanza. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa na maduka hapa mjini zilihamia Uingereza na Kanada, hasa baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971. Huenda albamu zenye picha za kwetu ziko Leicester na Toronto. Waombe waskani kwa vipimo hivi, wasitume picha halisi kwa posta.

Kutambua mwaka: ziwa na mawe

Hapa Mwanza ina bahati kuliko miji mingi. Miamba yetu haihami, na ziwa huacha alama ya kimo chake. Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 maji ya ziwa yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 yalishuka sana, na mwaka 2020 yakarudi kwenye kimo cha karibu na kile cha 1964. Picha ya watoto kwenye bembea yenye mwamba nyuma yao ndani ya maji inaweza kupimwa: nenda kwenye mwamba huo huo, tafuta ufa au kona inayoonekana pichani, na upime umbali wa wima kutoka hapo hadi usawa wa maji wa leo. Linganisha na ule wa pichani.

Ili ujue mpiga picha alisimama wapi, chagua mawe mawili kwenye picha, moja karibu na jingine mbali. Tembea mpaka ukingo wa jiwe la karibu ukutane na ufa wa jiwe la mbali vilevile kama pichani. Sasa uko kwenye mstari wake. Tafuta jozi ya pili upande mwingine wa picha; pale mistari miwili inapokutana ndipo kamera ilipokuwa. Hifadhi alama ya GPS. Ukifanya hivi kwa picha nne au tano unaweza kuchora ramani ya kiwanja ambacho leo kimejengwa nyumba.

Kimo cha maji peke yake hakitoshi, kwa kuwa 1964 na 2020 hufanana. Ongeza ushahidi mwingine. Magugu maji yalianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo picha yenye magugu si ya kabla ya hapo. Meli ya MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961. MV Bukoba ikionekana bandarini, picha ni ya kati ya 1979 na Mei 1996, meli hiyo ilipozama na mamia ya watu. Na ukiipeleka picha hiyo kwa familia, ujue unachowapelekea. Tiketi yenye neno "Tanganyika" ni ya miaka ya kabla au ya mwanzo kabisa wa Muungano. Yenye "Jiji la Mwanza" ni ya kuanzia 2000.

Angalizo la Saanane: kisiwa hicho cha karibu na mji kilifunguliwa kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, na shule nyingi zilipeleka watoto huko. Katika albamu za nyumbani matembezi yote ya sikukuu huchanganywa. Kama kuna tundu la mnyama au mtumbwi wa kuvushia watu, usikubali haraka kwamba ni kiwanja chako.

Mashine

Kabla ya kugusa chuma, tafuta kibao cha kiwandani. Huwa kimefunikwa na rangi nyingi. Usikipige msasa, herufi zitaondoka. Kisafishe kwa brashi laini na mafuta ya taa kidogo, kisha usiku mulika tochi kutoka pembeni kabisa. Herufi zitasimama kwa kivuli chake. Piga picha pamoja na rula. Chukua pia nakala kwa kuweka karatasi juu yake na kusugua penseli.

Kisha pima na hesabu: kipenyo, idadi ya viti, meno ya kila gia, kipenyo cha puli, na maandishi ya mota. Kwa namba hizi unaweza kujua kasi ya mchezo hata kama mashine haitazunguka tena. Chukulia mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika, gia ya kupunguza mara 40, puli ya sentimita 15 ikivuta ya 90: 1,440 kwa 40 ni 36, na 36 mara 15 kwa 90 ni mizunguko 6 kwa dakika. Mzee akikwambia farasi wa kuzunguka walikuwa wakikimbia kupita kiasi, una cha kumlinganishia.

Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Usiichome wala kuiparua ikiwa kavu, na watoto wakae mbali. Lowesha, vaa barakoa, na ufungue kidirisha cha sentimita 2 kwa 5 tu, ukiacha kila tabaka lionekane kwa ngazi. Hapo utajua rangi ya kwanza, ambayo ndiyo ya kurudishia siku ikifika.

Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini mabomba ya duara hujaa maji ya mvua na kuoza kwa ndani huku nje yanang'aa. Gonga kwa nyundo ndogo. Penye sauti nzito pameisha. Toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke. Na hata siku ya sherehe, usimpandishe mtoto kwa ajili ya picha. Hili halina mjadala.

Usitegemee sheria ikulindie chuma hicho. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Cha baadaye kinahitaji kutangazwa na waziri. Kama mwenye eneo ameshaamua kuuza chakavu, omba vitano: kibao cha kiwandani, kiti kimoja, mkono wa breki, ubao wa jina, na sanduku la tiketi.

Kushirikisha

WhatsApp hupunguza picha na kufuta tarehe iliyomo ndani yake. Tuma kama nyaraka, au weka kwenye kundi nakala ndogo kwa ajili ya kutambua sura tu, na kila jibu linakiliwe kwenye kaunta buku pamoja na jina la aliyejibu. Majibu mawili yakipingana, andika yote mawili.

Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya Mwanza kabisa. Radi za ukanda huu huunguza vifaa, kwa hiyo diski isiachwe imechomekwa. Flashi ya kuhifadhia faili iliyokaa kabatini miaka huweza kupoteza data. Ifungue kila mwaka na uandike tarehe uliyoikagua.

Mabango ya A3 yatundikwe kivulini, kwa kuwa wino wa printa za kawaida hupauka juani ndani ya miezi michache. Seti moja iliyochapwa na kujalidiwa ipelekwe Maktaba ya Mkoa, na nyingine shule iliyo jirani na kiwanja. Kurasa za mwanzo za jalada hilo ziwe za picha ambazo watu wake hawajatambuliwa, kila moja na namba yake na mistari mitano mitupu chini, na penseli ifungwe kwa uzi.