Viongozi wapya wamekuta hazina tupu: tuwasubiri hadi lini?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Viongozi wetu wapya wamekuta hazina tupu, madeni, na ofisi zenye watumishi wachache. Shughuli ya siku moja sasa inachukua wiki nzima, na watu wanawalaani. Je, kusubiri ni wajibu? Na nikilipa kidogo ili nihudumiwe mapema, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu s-salam wa rahmatullah. Ndiyo, ni wajibu. Katika Hadithi ya Ibn Abbas waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameamrisha kuwa atakayeona kwa kiongozi wake jambo analolichukia, na asubiri. Ila subira hiyo haifuti nasaha, wala hakuna utii katika maasi.

Kwanza pambanua asiyeweza na asiyetaka. Asiyeweza ana udhuru, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:286). Anayeficha hesabu, au anayejaza jamaa zake kwenye nafasi chache zilizopo, huyo amekhini amana, na uchache wa fedha haumtetei. Kipimo kizuri ni Mwaka wa Ramada, 18 Hijria, njaa ilipoikumba Madina. Umar bin al-Khattab alijinyima samli na nyama hadi watu wapate nafuu, akawaandikia magavana wake walete chakula, na akaahirisha ukusanyaji wa zaka. Alianza na tumbo lake. Waangalie wenu wameanza na la nani.

Kuhusu kasi, Abdul-Malik alimlaumu baba yake, Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, kwa kutorekebisha mambo yote mara moja. Baba akamkumbusha kuwa pombe ilikemewa mara mbili katika Qur'an, ikaharamishwa mara ya tatu. Alichelea kuwatwisha watu haki yote kwa mkupuo, nao wakaitupa yote kwa mkupuo. Na huyo alikuwa mwadilifu asiye na mfano!

Sasa hayo malipo. Wanazuoni wengi wamemruhusu aliyezuiliwa haki yake, asiye na njia nyingine, atoe mali ili aipate, na dhambi ikawa ya mpokeaji peke yake. Wengi huishika fatwa hii wakasahau masharti yake. Wewe hujazuiliwa, umecheleweshwa. Ukilipa unaila zamu ya aliyekutangulia. Hiyo ni rushwa, na nyote wawili mna dhambi.

Ukiwa na malalamiko, usianze na umati. Mwandikie mhusika, taja tarehe uliyowasilisha jambo lako na kilichokwama, ubaki na nakala. Asipojibu, mpelekee mkubwa wake. Habari ya wizi ithibitishe kabla ya kuisambaza (49:6).

Na kama una ujuzi wa hesabu au uandishi, jitolee, maana Yusuf (a.s.) mwenyewe aliomba kusimamia hazina (12:55). Ila muandikiane mapema kazi na saa zake, na fedha usizishike peke yako. Ziwe na sahihi mbili. Penye watumishi wachache, ndipo mtu mmoja hupokea, huandika na kutunza, na hata akiwa mwaminifu hana wa kumshuhudia. Wallahu a'lam.