Figo mbovu na stroberi

Mmeuliza kama mgonjwa mwenye figo mbovu anaweza kula stroberi na matunda ya jamii yake. Anakula tu, ila kwa kipimo. Stroberi, bluberi na rasiberi ni katika matunda yenye madini ya potasiamu kidogo: nusu kikombe cha bluberi kina kama miligramu 60, cha stroberi kama 120. Ndizi moja ya wastani inapita 400. Potasiamu ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu figo zikishindwa kuitoa hujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Kipimo ni nusu kikombe kwa mlo mmoja. Mkimwekea bakuli zima, hilo tunda "salama" linageuka la potasiamu nyingi. Zilizokaushwa msimpe, maji yametoka lakini potasiamu imebaki yote, imejibana kwenye punje ndogo. Juisi nayo huteremka upesi, na kama amewekewa kiwango cha maji kwa siku, inahesabiwa humo.

Nayajua haya kwa kumpikia mama, tulikaa na mtaalamu wa lishe tukapimiana vikombe mezani kama watoto.

Lakini angalieni majibu ya damu ya karibuni. Kuna wagonjwa wa figo ambao potasiamu yao haijapanda kabisa, hao hawana haja ya kubanwa hivi. Mwenye mawe ya figo ya okzaleti (chumvi iliyomo kwenye baadhi ya matunda na mboga) aulize kwanza kuhusu rasiberi.

Na lile tunda la nyota (karambola, likikatwa vipande huwa na umbo la nyota), ambalo wengine hulichanganya humu humu kwenye saladi ya matunda: hilo hata kipande asiguse. Lina sumu ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, huanza na kwikwi isiyokoma, halafu degedege.